Mkono Mdogo wa Gia

Jumatatu, 6 Januari. Asubuhi ya ukungu. Jua limetoka saa tatu.

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mkaza-mjomba, na kwamba goti lake limeacha kumtabiria mvua. Huku sijambo. Mama ananiandikia kila mwezi kunikumbusha kwamba umri hausimami, nami namjibu kwamba hata mimi sijakaa. Kaka ameacha kazi tena. Sasa anauza viatu, na anasema hii ndiyo kazi aliyoumbiwa. Ndivyo alivyosema pia alipokuwa anauza simu.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unajua kwamba mimi ndiye muuguzi wa chanjo hapa kituoni. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, tunapaswa kupeleka chanjo kijiji cha juu. Ni kilomita arobaini na moja, na tisa za mwisho ni mlima wa udongo mwekundu ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Kwa miguu ni siku mbili, na barafu kwenye sanduku la chanjo hudumu siku moja. Kwa hiyo ni gari au hakuna safari. Mvua huanza katikati ya Machi, na ikishaanza njia hufungwa hadi Juni. Mwaka jana hatukwenda. Hilo tuliache.

Gari tunalo, moja. Lina mikono miwili ya gia: mkubwa wa kawaida, na ule mdogo ambao madereva huuita fowili, unaoyafanya magurudumu yote manne yavute pamoja. Mkono mdogo umegoma. Ukiuvuta unakuja, unasita, kisha unarudi wenyewe mahali pake kama mtu aliyedhani ameitwa akagundua si yeye. Magurudumu ya nyuma yanahangaika, ya mbele yanatazama.

Kwa macho, gari ni zuri kuliko lilivyowahi kuwa. Lilipakwa rangi na kutandikwa zulia jipya kwa ajili ya Mgeni Rasmi aliyetutembelea mwaka jana, na Mkuu wa kituo humfungulia mlango kila anayepita ili aone. Nilipomweleza kwamba halitapanda mlima, alinizungusha hadi nyuma ya gari, akaniwekea kidole kwenye kibandiko cha 4x4.

"Muuguzi," akasema, "hicho nimekibandika mimi?"

Mjomba, wewe umekaa miaka arobaini chini ya magari. Niambie tuanzie wapi.

Mpwa wako.


Ijumaa, 24 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na tano. Nadhani imekuja kwa miguu. Goti la mkaza-mjomba wako lilitabiri mvua mara tatu mwezi huu na haikunyesha hata tone, lakini hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni mzima. Kuhusu kaka yako sina la kusema.

Watu wakisikia fowili imegoma hukimbilia kufungua gia boksi. Hiyo ni sawa na ninyi kumpasua mgonjwa kabla hamjamuuliza amekula nini. Tuanze na mambo mepesi. Mwambie dereva asimamishe gari kabisa, akanyage klachi, aweke mkono mkubwa nyutro, pasipo gia yoyote, ndipo avute mdogo. Ukikataa, aliache gari lisogee mbele hatua moja kisha avute tena, maana yale meno ndani lazima yakutane. Nawajua madereva: huvuta wakiwa mwendoni, huku wanasalimiana na watu.

Kisha aangalie katikati ya magurudumu ya mbele. Pale kuna habu, na magari mengi ya umri huo yana kitasa cha kuzungusha kwa mkono. Kikiwa upande wa kufungua, mtavuta gia mpaka mzeeke na magurudumu hayatajua. Atazame pia kama matairi yote ni ya saizi moja. Halafu alinyanyue gari kwa jeki pande zote, aliwashe, avute mkono mdogo, muone kama ya mbele yanazunguka.

Wewe mwenyewe usiingie chini ya gari. Andika tu atakachokuambia.

Mjomba wako.


Jumamosi, 8 Februari. Mawingu tangu alfajiri, hayakuleta kitu.

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliipata Jumanne. Mwambie Mkaza-mjomba kwamba huku nako goti la mpishi wa kituo limeanza, kwa hiyo labda ni ugonjwa wa kuambukiza na si mvua.

Dereva wetu anaitwa Kamanda, jina alilojipa baada ya kuendesha gari la nne katika msafara wa wakubwa. Nilimsomea maagizo yako neno kwa neno. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mjomba wako ameendesha msafara?" akaniuliza.

"Hapana. Ametengeneza."

"Basi mwambie mimi nabadilisha gia kwa kusikiliza injini. Injini ikiniambia, navuta."

"Na sasa inakuambia nini?"

"Imeninunia."

Hata hivyo, mchana aliona aibu akafanya yote. Akasimama, akakanyaga, akavuta, akaliacha gari lisogee hatua moja, akavuta tena. Mkono ulirudi kama kawaida. Habu ziko upande wa kufunga. Nilizitazama mwenyewe, na hilo si chini ya gari, ni pembeni. Matairi ni saizi moja. Tulipolinyanyua, magurudumu ya mbele yalikaa kimya. Kuna kitaa cha kijani kwenye dashibodi: mkono ukifika mwisho wa safari yake kinawaka kufumba na kufumbua, halafu kinazima.

Nilimwandikia Mkuu taarifa ya ukurasa mmoja. Kwa sababu hiyo imeundwa Kamati ya Uchunguzi wa Gia. Mwenyekiti wake ni mtunza stoo, ambaye anaendesha baiskeli, nayo ni ya mkewe. Katibu ni karani wa mapokezi. Mjumbe ni mpishi, ili kamati isikose chai. Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Cha pili kilikwenda kulitazama gari. Walilizunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma, mwenyekiti akapiga tairi teke, akasema, "Mm." Katibu akaliandika.

Nilipouliza watamaliza lini, mwenyekiti aliniambia hitilafu kubwa haichunguzwi kwa pupa. Nikamwambia mvua haina mwenyekiti. Hilo pia katibu aliliandika, na nasikia litajadiliwa katika kikao cha tatu kama suala la nidhamu.

Zimebaki wiki tano, Mjomba. Chanjo ziko kwenye friji, na kila asubuhi nasoma kipimajoto chake na kuandika. Nifanye nini?

Mpwa wako.


Ijumaa, 21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mvua ilinyesha siku ya Jumapili bila goti kusema neno, na mkaza-mjomba wako amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyeileta.

Umeniandikia kama fundi. Ile ya kitaa ndiyo imenisaidia. Gia boksi yako ni nzima. Mkono unaorudi wenyewe ni mkono ambao haujafika. Kitaa kinaonja tu, mkono unasukumwa nyuma kabla meno hayajashikana. Kuna kitu kinauzuia njiani: fimbo iliyopinda, pini iliyolika, grisi iliyoganda, au kokoto iliyojibana. Nakuapia hakihitaji kamati. Kinahitaji mtu mmoja mwenye macho.

Sasa nijibu maswali mawili. La kwanza ni hili: mara ya mwisho mkono huo kuingia sawasawa ilikuwa lini, na baada ya siku hiyo ni nani aliyeligusa gari na kulifanya nini? Kila mwenye gari huniambia limeharibika ghafla. Miaka arobaini sijakutana na huyo ghafla. Siku zote kuna tarehe, na mtu anaijua.

La pili. Umeniandikia mara mbili, na kila mara unahesabu wiki kama mtu anayefukuzwa. Mwaka jana kulikuwa na nini?

Mwambie dereva aingie chini aangalie hiyo fimbo.

Mjomba wako.


Jumatatu, 3 Machi. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna. Mlima unaonekana karibu, dalili mbaya.

Mjomba, shikamoo. Salamu zote kama kawaida. Leo nitazifupisha, unisamehe.

Naanza na la pili, maana nikianza na la kwanza sitalifikia. Mwaka jana gari lilikuwa zima. Siku tuliyopanga kupanda, lilipelekwa kuchukua viti vya ufunguzi wa choo kipya cha wageni. Siku ya pili lilirudisha viti. Siku ya tatu mvua ilianza. Surua iliingia kijiji cha juu mwezi wa Mei. Njia ilipofunguka Juni nilipanda kwa miguu nikiwa na daftari, nikaandika. Watoto saba. Majina yao yako kwenye shajara yangu, kila moja kwenye mstari wake. Katika ripoti ya mwaka, ukurasa huo ulijaa picha ya choo. Sikusema kitu, Mjomba. Nilisaini mahali pa kusaini.

Sasa la kwanza. Shajara yangu inasema hivi. Tarehe 11 Novemba tulivuka mto mdogo kwa fowili bila shida, nimeandika, "Kamanda ameimba." Tarehe 12 gari limeoshwa. Tarehe 13 limepakwa rangi. Tarehe 14 na 15 fundi viti ametandika zulia jekundu, na chini yake sponji nene ili Mgeni asisikie mashimo ya barabara. Tarehe 17 Mgeni amekuja, amepanda gari kutoka getini hadi mlangoni, hatua mia mbili, amesifu zulia. Tarehe 22 gari limekwama kwenye tope, fowili imekataa.

Nimeandika mstari huo nikaweka kalamu chini. Nakwenda kwenye gari.

Nimerudi. Saa tisa na dakika ishirini mchana. Nilichukua rula. Mkono mdogo unavutwa kuelekea nyuma, na nyuma yake fundi viti amelikunja zulia pamoja na sponji akalishona pindo, zuri sana, kama la shuka la harusi. Mkono unafika kwenye pindo, unalibonyeza, pindo linausukuma urudi. Nimepima. Umebakiza sentimita mbili na nusu. Hakuna fimbo iliyopinda, Mjomba. Gari letu limeshindwa na zulia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, rula mkononi. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Unataka kukata zulia alilokanyaga Mgeni?"

"Kipande cha ukubwa wa kiganja, Bwana Mkuu."

"Leo kiganja. Kesho?"

"Kesho napanda mlima."

Akaniambia zulia limeshaingizwa kwenye orodha ya mali za kituo likiwa kipande kimoja, na likikatwa litakuwa vipande viwili, na kipande cha pili hakina namba. Tena Mgeni aliahidi kurudi. Suala litapelekwa kwenye Kamati, ambayo tayari imependekeza gia boksi ishushwe na kupelekwa mjini, miezi sita.

Kijiji cha juu kina watoto mia na arobaini na zaidi ambao hawajachanjwa. Sikuombi ushauri kuhusu hilo. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshafanya, au sitakuwa nimefanya, na ni mimi yule yule wa kusaini.

Mpwa wako.


Jumatano, 12 Machi

Mpwa wangu,

Nimeipata barua yako leo asubuhi na ninaijibu leo leo. Nitampa kondakta wa basi, siiamini tena posta.

Kata. Usimsubiri dereva, usimsubiri Mkuu, usinisubiri mimi. Kata kwa nafasi, pande zote za mkono, na sponji pia, usiache pindo. Kisha piga magoti uangalie kama kule chini mpira unaoziba shina la gia haukuchanika. Ndiyo, wewe. Ukilazimika kuingia chini ya gari, ingia. Weka mawe kwenye magurudumu kwanza. Siku ya kupanda, ingiza fowili kabla ya mlima, msingoje mpaka mkwame. Mkirudi kwenye barabara ngumu itoeni. Ikikataa kutoka, rudisheni gari nyuma kidogo, itaachia.

Kuna jambo ambalo nimelizunguka katika barua zote mbili. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulikuja gereji siku za likizo, ukazipanga spana zangu kwa saizi, ukaandika kila moja mahali pake ukutani. Ukaniambia unataka kuwa fundi. Nikakwambia gereji si mahali pa msichana, nikamvalisha kaka yako ovaroli. Alikaa miezi minne, akapoteza spana tisa. Mimi huona tatizo la gari kabla halijazimwa. Lile sikuliona, na lilikuwa limesimama mbele yangu na daftari.

Nilikosea. Mkaza-mjomba wako ananiambia niandike kwa herufi kubwa, lakini nadhani unasoma vizuri.

Hao watoto saba sikujua. Pole, mwanangu.

Mjomba wako.


Jumatatu, 24 Machi. Mvua kubwa tangu saa kumi alfajiri, siku ya kumi na tatu mfululizo.

Mjomba, shikamoo, na shikamoo kwa Mkaza-mjomba. Mwambie mvua hii haikutabiriwa na goti lolote huku, mpishi ameshindwa pamoja naye.

Ruhusa yako ilifika siku tisa baada ya kazi. Nimeibandika kwenye shajara hata hivyo. Ile sehemu nyingine ya barua nimeisoma mara nyingi, na sitaijibu kwa maandishi. Nikipata likizo nitakuja, na utanionyesha gia boksi iliyofunguliwa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 10. Kamati ilikuwa ndani, kikao cha sita. Nilipakia sanduku la chanjo saa mbili na nusu asubuhi, nikafungua mlango wa gari, nikatoa mkasi wa bandeji. Kamanda akaja mbio.

"Dada, usinitie matatani. Ninawajibika kwa kila kilichomo humu."

"Basi shika tochi."

Akautazama mkasi, akalitazama zulia, akautazama mlima, ambao ulikuwa umeanza kuvaa wingu.

"Mimi nakwenda kunywa chai," akasema. "Sijaona."

Mkasi wa bandeji hukata zulia vibaya, lakini hukata. Sponji ilitoka kama uji uliofurika. Nilipiga magoti nikauangalia mpira wa shina la gia, ulikuwa mzima. Kamanda aliporudi nilikuwa nimeshafagia. Akakaa kwenye usukani, akakanyaga klachi, akavuta mkono mdogo. Ukaingia. Ulitoa mlio mmoja mdogo tu, na kitaa cha kijani kikawaka kikabaki.

Kamanda akakigusa kitaa kwa kidole. Kisha akasema, "Naona zulia limekatwa na mtu nisiyemjua. Tuondoke kabla hajarudi."

Aliingiza fowili tulipovuka daraja la mwisho chini ya mlima, na tukaupanda kwa saa moja na robo. Kwenye kona ya tatu gari liliteleza kuelekea bondeni, magurudumu ya mbele yakashika, yakatuvuta juu. Kamanda aliimba hadi kileleni. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka, maana walitusikia kabla ya kutuona.

Nilichanja watoto mia moja arobaini na tatu. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, wa miezi tisa. Mkubwa wake ni wa nne kwenye orodha yangu ya mwaka jana. Alinyoosha mkono wa mtoto mwenyewe, hakusubiri niuombe. Mtoto akalia, mama akamwambia, "Lia, lia kabisa, mwanangu," huku anacheka, na machozi yanamtoka yeye. Nikaandika namba, nikamwita anayefuata.

Tulishuka jioni. Mvua ilianza keshokutwa yake.

Mkuu aligundua siku ya tatu, alipomfungulia mtu mlango ili aone zulia. Kamati imetoa ripoti yake ya mwisho, na nainakili kwa sababu hutaniamini: "Kwa kuwa gari limepanda mlima, Kamati imeridhika kwamba halikuwa na hitilafu. Kwa kuwa halikuwa na hitilafu, zulia limekatwa bila sababu." Kipande nilichokata kimefungiwa kwenye kabati la dawa kali kama ushahidi, na kimepewa namba.

Nimenyimwa likizo yangu ya Aprili. Itabidi tusubiri hadi Agosti. Pia nimeamriwa kumwandikia Mgeni Rasmi barua ya kuomba radhi. Nimeiandika. "Mheshimiwa, nimekata zulia la gari la kituo ulilolikanyaga. Watoto mia moja arobaini na tatu wa kijiji cha juu wamechanjwa surua. Naomba radhi kwa zulia."

Mkuu ameirudisha mara mbili, akitaka niondoe sentensi ya katikati kwa kuwa haihusiani na mada. Nimeipeleka tena asubuhi hii, mara ya tatu, na sentensi zote tatu, na safari hii nimesaini chini kwa jina langu lote.

Nafunga hapa, posta inafunga saa sita. Jana nililala saa mbili na robo usiku; tangu Juni ile nilikuwa nikikesha.

Mpwa wako.